Nani Atatusomea Ubavu wa Tairi?

Yapo maandishi ambayo wakazi wa Nairobi huyakabidhi roho zao kila siku, na ambayo hakuna shule niliyopata kuijua iliyomfundisha mtoto kuyasoma. Sisemi mikataba ya benki, wala karatasi ndogo zinazokunjwa ndani ya vikasha vya dawa, ingawa hizo nazo zina kesi yake. Nasema maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa tairi la gari. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu ya uzamifu katika isimu, na miaka mingi ya kuwaelekeza wanafunzi namna ya kuchambua matini, niliufikia umri wa miaka 46 bila kuyasoma hata mara moja. Aliyenisomesha ni fundi wa pancha wa Kiamaiko, ambaye masomo yake yalikomea darasa la 7, kabla mfumo wa 8-4-4 haujaanza mwaka 1985.

Msomaji asiyeijua Kiamaiko na aelezwe kwa ufupi. Ni mtaa wa Eastlands, katika eneo la Mathare, jirani na Huruma na Kariobangi. Jina lake hulijua kila mla nyama wa jiji hili, kwa kuwa hapo ndipo mbuzi kutoka kaskazini mwa nchi hushushwa, huuzwa na kuchinjwa. Alfajiri utawasikia kabla hujawaona. Dada yangu mkubwa amekaa huko zaidi ya miaka 20, na ndiye aliyenipigia simu mwezi wa Aprili 2025 kuniambia kwamba mwanawe amenunua gari la mashindano.

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa dereva, na alifariki mwaka 2009 katika barabara ya Mombasa tairi la mbele la gari alilokuwa akiliendesha lilipopasuka. Kijana wakati huo alikuwa na miaka 10. "Wewe ndiye mjomba wake," dada aliniambia. "Mimi nimesema hadi nimechoka. Nenda wewe ukamwambie aache."

Nilikwenda. Ama kwa hakika, nilikwenda nikiwa nimekwisha kutunga hotuba nzima. Nilimkuta mpwa wangu kando ya gari lake, Subaru Impreza ya rangi ya buluu, mtumba wa Japani kama yalivyo magari mengi ya nchi hii, ambayo kwa kanuni zetu hayaruhusiwi kuingia yakiwa yamepita umri wa miaka 8. Nilitoa hotuba yangu. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Mjomba, ningekuwa nataka kufa ningekwenda kwenye bypass usiku, wanakoshindana wenzangu. Mimi nataka kwenda uwanjani, ambako hakuna mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni."

Sikuwa na jawabu. Ukweli ni kwamba vijana wa rika lake hushindana usiku katika barabara za umma, na kila mwenye nyumba karibu na barabara hizo hulijua hilo bila kuambiwa na polisi. Kwamba mmoja wao ametaka kuondoa mchezo huo barabarani na kuupeleka mahali pake, palipo na lami iliyofungwa, kofia ngumu, kizima-moto na mtu wa kupeperusha bendera, hilo si jambo la kukemewa. Niliweka sharti moja tu, nalo lilitokana na kumbukumbu ya shemeji: matairi yakaguliwe na mtu ambaye hana haja ya kutuuzia chochote.

Matairi alikuwa nayo. Alikuwa ameyanunua manne katika duka moja mjini, aina ile itumiwayo uwanjani, yenye mifereji michache na ngozi laini. Aliambiwa kwamba ni mapya kabisa, yametoka Japani. Na yalionekana mapya. Yalikuwa meusi, yanang'aa, hayana hata mkwaruzo. Tuliyapakia tukayapeleka kwa fundi, ambaye kibanda chake kiko hatua chache kutoka mabanda ya mbuzi, upande wa barabara ya Outer Ring.

Fundi hakuyatazama mara mbili. Alipiga goti, akalizungusha tairi la kwanza polepole kama mtu anayetafuta ukurasa, akaweka kidole gumba juu ya tarakimu nne zilizofungiwa ndani ya kiduara kirefu. 3114. "Hizi ni mzee," alisema. "Zimezaliwa wiki ya 31, mwaka 2014." Akachukua ukucha wake akaukandamiza kwenye ngozi ya tairi, mahali ambapo ukucha ulipaswa kuzama kidogo. Haukuzama. "Imekauka. Hii ni kwato, si tairi. Ukiikanyagia kona itakutupa."

Mpwa wangu ana shahada ya kwanza. Mimi nina tatu. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba tarakimu hizo zipo, seuze maana yake. Na hapo ndipo udhia wangu wa kitaaluma ulipoamka, nikamwomba fundi anisomee ubavu wote, neno kwa neno, kama mwanafunzi wa chuoni anavyosomewa.

Msomaji na atoke nje sasa hivi alitazame tairi lililo karibu naye. Atakuta kitu kama hiki: 225/45R17 91W. Hiyo ni sentensi kamili, nayo ina sarufi. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili si milimita tena bali ni asilimia: kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana huo, yaani 45 katika 100 ya 225, takriban milimita 101. Herufi R hueleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, kwamba zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine badala ya kukatana kimshazari. Ni ufundi uliosajiliwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946. Namba 17 ni kipenyo cha rimu, nacho kwa inchi. Namba 91 si kipimo bali ni rejeleo: mtu aliye na jedwali atajua kuwa inasimamia kilo 615, ndio mzigo wa juu kabisa ambao tairi hilo moja laweza kuubeba. Na herufi ya mwisho ni mwendo. W ni kilomita 270 kwa saa.

Sentensi moja, basi, ina milimita za Wafaransa, inchi za Waingereza, asilimia na mafumbo mawili. Na kama ilivyo kila lugha ya watu, ina vighairi vyake. Herufi za mwendo hupanda kwa taratibu za alfabeti: S ni 180, T ni 190, U ni 200. Kisha, kabla ya V ambayo ni 240, inaingia H ikiwa ni 210, imetoka kusikojulikana, imekaa mahali pasipo pake kama kitenzi kisichokubali kunyambuliwa kwa kanuni. Nilipomuuliza fundi sababu, alicheka. "Mwalimu, hiyo wamekuta hivyo wakaiacha." Nimesoma vitabu vizima vya isimu historia vilivyojitahidi kusema jambo hilo hilo.

Kuna na namba nyingine ambayo wauzaji wengi hawaitaji, ya uchakavu. Tairi la kawaida la gari dogo laweza kuandikwa 400 au zaidi; la uwanjani aghalabu huwa 200 au chini yake. Kadiri namba inavyopungua ndivyo tairi linavyoliwa upesi, na aghalabu ndivyo linavyoshika barabara zaidi. Tairi la uwanjani limekubali kufa mapema ili limshike mwenyewe vizuri zaidi akiwa hai.

Kuhusu lugha ya fundi mwenyewe, nina machache ya kusema, na naomba wenzangu wanaosahihisha insha kwa kalamu nyekundu wanivumilie. Fundi hasemi "tairi hili limepasuka." Husema "tairi imepasuka", "tairi zimeisha", na karibu Nairobi nzima husema naye. Mifereji ya tairi huiita "theredi". Hilo ni neno la Kiingereza la uzi. Lililokusudiwa na Waingereza ni jingine kabisa, linalotokana na kukanyaga, ila masikio ya mafundi wetu yalisikia uzi, na uzi ukabaki. Nilitaka kumsahihisha, nikakumbuka kwamba ndani ya tairi hilo hilo mna nyuzi elfu kidogo. Nikanyamaza.

Kisha alisema jambo lililonifurahisha zaidi: "Hii gari inataka viatu vipya." Wataalamu wa asili za maneno hukubali kwamba neno la Kiingereza lililotuzalia "tairi" ni kifupisho cha neno la mavazi, tairi ni vazi la gurudumu. Fundi wa Kiamaiko, asiyewahi kulifungua kamusi hilo, amelivisha gurudumu viatu. Na viatu vyenyewe vimerudi miguuni mwetu: akala zinazouzwa Nairobi, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita katambuga, hukatwa kutoka matairi yaliyokwisha kazi.

Neno tulilokuwa nalo kabla ya tairi ni mpira, nalo lina historia nzito kuliko umbo lake. Ni neno la ngeli ya miti, na si kwa bahati. Mpira ulikuwa utomvu: wa mitambaazi ya msituni katika pwani yetu na Kongo, kisha wa miti ya mashambani. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba utomvu huo ukipikwa na salfa hautayeyuka kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast (wachinjaji wa Kiamaiko wangempokea kama mwenzao), alisajili tairi la upepo alilolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ulimwengu ukataka mpira, na ukautaka upesi. Katika dola aliyoimiliki Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo kuanzia 1885 hadi 1908, wanakijiji waliwekewa kiwango cha mpira cha kuleta, na walioshindwa walichapwa, wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Katika Tanganyika ya Wajerumani mashamba ya mpira yalienea Tanga na kwingineko hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913, mpira wa Asia ulipofurika sokoni. Leo mwanafunzi wetu akiambiwa atunge sentensi kwa neno "mpira" huandika juu ya kandanda. Hana kosa. Lakini neno hilo limepita katika mikono mingi, na baadhi ya mikono hiyo ilikatwa.

Jambo jingine la kando, kwa kuwa wanafunzi hulipenda: mpira kwa asili yake si mweusi. Matairi ya mwanzo yalikuwa meupe, na ndiyo maana yule mtu wa matairi wa Michelin, aliyebuniwa mwaka 1898, ni mweupe hadi leo. Weusi uliletwa na masizi yaliyochanganywa na mpira ili kuupa nguvu. Tairi jeusi basi lina masizi kama sufuria ya dada yangu.

Turudi Kiamaiko. Fundi alikataa kuyafunga yale matairi. Mpwa wangu alipoyarudisha dukani alijibiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kwamba tairi ambalo halijatembea haliwezi kuzeeka. Hoja hiyo ni ya uongo. Mpira huzeeka ukiwa umelala: hewa huula, joto huula, jua huula, na mafuta yanayoulainisha hukauka. Tairi la miaka 11 lenye mifereji kamili laweza kuwa la hatari kuliko la miaka 2 lililoliwa nusu, kwa sababu la pili linajulikana limeliwa. Fedha zilikwenda. Kijana aliweka akiba tena kwa miezi 3, na mwanzoni mwa Agosti tulirudi kwa fundi na matairi mengine manne, haya yakiwa na tarakimu 0625. Bei yake ilizidi mshahara wa mwezi wa walimu wengi wa msingi. Nalisema waziwazi, maana walimu ndio wanaosoma safu hii, na sitaki kujifanya kwamba mchezo huu ni wa kila mtu. Si wa kila mtu. Hata Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo Joginder Singh aliyashinda mara 3 na Shekhar Mehta mara 5, yalikuwa kwa wengi wetu mchezo wa kutazamwa tukiwa tumesimama kando ya barabara na vumbi mdomoni.

Tulikwenda uwanja wa Whistling Morans, upande wa Athi River, siku ya Jumamosi. Fundi tulimchukua. Alikuja na kipima-upepo chake cha miaka mingi kimefungwa kwenye kitambaa, kwa kuwa, alisema, kipimo cha mtu mwingine hakijui. Kwa miaka zaidi ya 30 alikuwa ameziba pancha za matatu na malori, na hakuwa amewahi kuona gari likiendeshwa kwa kasi mahali ambapo kasi ni halali.

Mpwa alizunguka kwanza na matairi yake ya kawaida, ya barabarani, nami nikiwa kiti cha abiria, kofia imenibana masikio. Nilichokikumbuka zaidi ni kelele. Kila kona matairi yalilia, na gari lilikuwa likienda upande ambao usukani haukuuelekeza, kama mwanafunzi aliyeitwa jina lake akageuka polepole kwa makusudi. Fundi alituambia baadaye kwamba tairi linalolia ni tairi linaloteleza. Mshikamano wa tairi na lami hutokea katika sehemu ndogo mno: kila tairi hugusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Viganja 4. Hivyo ndivyo vinavyolishika gari lenye uzito unaozidi tani moja, pamoja na mimi, mpwa wangu na ndoto zake.

Wakabadilisha. Fundi aliyapima upepo matairi mapya yakiwa baridi, akayaweka 28, chini ya vile nilivyotarajia. Nilimuuliza sababu, na kwa bahati mbaya niliuliza kwa lugha ya kazi yangu: kwa nini kanieneo iwe ndogo?

"Kani nini?"

"Kanieneo. Nguvu ya upepo inayosukuma ndani ya tairi."

"Hiyo ni presha, Mwalimu."

"Presha ni ugonjwa," nilimtania.

"Ya damu na ya tairi ni moja," alinijibu bila kuinua kichwa. "Ikipanda sana mtu anakufa."

Kisha akanieleza, na maelezo yake yangemtosha mwanafunzi yeyote wa kidato cha 2. Tairi likikimbia huchemka, upepo ulio ndani ukichemka hutanuka, presha hupanda. Ukianza na 32, utarudi na 39, na tairi litakuwa limevimba katikati, linagusa ardhi kwa kitovu peke yake. Unaanza chini ili ufike mahali panapofaa ukiwa moto. Alimwonya kijana: "Mizunguko miwili ya kwanza usiziamini. Hizi zikiwa baridi ni mbaya kuliko zile zako za kawaida. Zipashe kwanza."

Mpwa alizipasha. Mzunguko wa kwanza na wa pili ulikuwa wa mzee anayekwenda msikitini. Wa tatu, alipofika kwenye kona ile ile iliyokuwa imetupigia kelele, nilijishika kwa mikono miwili nikingojea kilio. Hakikuja. Gari liligeuka. Mwili wangu ndio ulioteleza, ukakamatwa na mkanda. Gari lenyewe lilikuwa limeshika lami kama kupe. Alipokanyaga breki mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, macho yangu yalitaka kutangulia. Saa ya mkononi ya fundi ilionyesha kwamba mzunguko umepungua kwa sekunde 4 kamili, na dereva alikuwa yule yule, injini ile ile, siku ile ile. Sekunde zote 4 zilikuwa katika vile viganja.

Tuliporudi, fundi aliweka mkono wake juu ya tairi, akauondoa haraka, akauweka tena. Ngozi ilikuwa imeanza kunata, imeokota vijiwe. Akapima: 35. Akatoa upepo kidogo. Akalizunguka gari akapima yote 4, na kwa kuwa uwanja una kona nyingi zinazopinda upande mmoja, matairi ya nje yalikuwa yamepanda zaidi ya ya ndani. Alinieleza hilo kwa Kiswahili chake cha Kiamaiko, chenye "theredi" na "presha" na "kushika", na niliona kwamba kila dhana aliyoitaja imo katika silabasi ya fizikia.

Hapa ndipo nilipo na neno na wenzangu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Baraza la Kiswahili la Tanzania lilikuwa limekwisha kutoa orodha za istilahi tangu miaka ya 1970. Tunayo kani, tunayo msuguano, tunayo kanieneo, tunayo mwendokasi. Kenya nayo tangu Katiba ya 2010 ina Kiswahili kama lugha rasmi, kandokando na Kiingereza. Nimehudhuria makongamano mengi ambako tulilalama kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, na mengine machache ambako tulithibitisha kwamba kinayo. Sikumbuki kongamano hata moja ambalo lilimwalika mtu anayeitumia sayansi hiyo kwa Kiswahili kila siku ili alishe watoto wake. Istilahi zetu zimekaa kabatini, na maarifa yamekaa kando ya barabara, na baina yao pana kilomita chache tu za Thika Road.

Nakiri kwamba nilifika kwa fundi nikiwa na kosa la mwalimu: nilidhani kazi yangu ni kumpa maneno. Anayo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kuyaandika, na wanafunzi wa kuyasikia. Naye kwa upande wake hakulijua jina la msuguano, na nilipomwambia alilipenda, akalirudia mara mbili, akasema ni neno linalosikika kama kitu chenyewe.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya wenye Subaru. Na watazame takwimu za serikali: mwaka 2022, mwaka 2023 na mwaka 2024, kila mmoja, watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Sidai kwamba matairi ndiyo yaliyowaua wote. Kundi kubwa zaidi kati yao lilikuwa la waenda kwa miguu. Lakini kanuni za Waziri John Michuki za mwaka 2004 zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo katika matatu, na kila abiria akajua kuuliza mkanda uko wapi. Hakuna abiria ajuaye kuuliza tairi limezaliwa lini. Kuna watu katika jiji hili wanaochukua tairi lililokwisha kuwa kipara, wakalichonga mifereji mipya kwa kisu kilichopashwa moto, wakalipaka rangi nyeusi na kuliuza. Mimi huliona hilo kama matini ya kughushi. Mifereji inasema "mpya" na ubavu unasema "mzee", na mnunuzi anayejua kusoma mifereji peke yake hununua uongo. Tarakimu 4 za tarehe zimekuwa katika utaratibu huo tangu mwaka 2000. Mtoto wa darasa la 5 aweza kufundishwa kuzisoma kwa dakika 10, na zile asilimia za ubavu zikamfaa kwa hesabu za darasa la 7.

Nilikuwa na hasira nyingine, ndogo zaidi, ambayo nitaitaja nipumue. Zamani tulikuwa tukitengeneza matairi wenyewe. Kiwanda cha Nairobi, kilichoanza kikiwa cha Firestone mwaka 1969 na baadaye kikawa cha Sameer, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Kile cha General Tyre cha Arusha kilikuwa kimezima mitambo yake kabla ya mwaka 2010. Matairi tunayoyafunga leo karibu yote huja kwa meli, na maandishi yake huja nayo, yameandikwa na watu wasiotujua.

Jioni kabla ya kuondoka uwanjani, fundi alidai matairi ya kawaida yarudishwe. Mpwa alitaka kurudi mjini na mapya, wenzake wayaone. Wakabishana. Fundi alionyesha mawingu upande wa Ngong, akasema tairi lenye mifereji michache halina pa kupitishia maji, na likikuta dimbwi litapanda juu ya maji kama mtumbwi. Yakarudishwa. Hayo yenye kuruhusiwa kilomita 270 kwa saa yalipanda buti na kiti cha nyuma, pamoja na mimi, na tulipofika Outer Ring tulikwenda mwendo wa mbuzi kwa saa nzima.

Dada alikuwa ametuwekea chakula. Hakuuliza sekunde. Alimtazama mwanawe kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akatoka na tochi ya simu hadi lilipokuwa gari, akachutama kando ya gurudumu la mbele. Fundi alimfuata, akamwonyesha mahali pa kutazama. Walikaa hapo kwa muda. Kisha akaenda gurudumu la pili, la tatu na la nne, akisoma kwa sauti ndogo, na lile la nne likawa na mwaka tofauti na wenzake. Fundi alisema ni kweli, hata yeye hakuwa ameliona, litabadilishwa Jumatatu.

Yale manne ya 2014 yalikuwa bado yamelala kibandani. Kwa akala hayafai, kwa kuwa yana nyaya za chuma zinazokikataa kisu. Mawili fundi ameyapasua yakawa mabakuli ya maji ya mbuzi. Mawili dada ameyajaza udongo akapanda sukuma wiki mlangoni pake. Kuhusu uwanja, kijana anataka kurudi mwezi ujao, na mama yake hajasema ndiyo.